Tairi la Porini Barabarani: Safari ya Mpira Kutoka Muheza Hadi Gerezani

Wiki iliyopita tuliongea habari za daladala na nauli zake. Leo natoka kwenye gari la wengi, naingia kwenye gari la wachache, lakini msifunge redio zenu mapema, kwa maana yatakayosemwa hapa yanamhusu kila mtu apandaye gari, awe anaketi kiti cha mbele au ananing'inia nyuma na magunia ya mkaa.

Pita siku yoyote Gerezani, au katika maduka ya vipuri yaliyotapakaa Kariakoo, utamkuta mtu mzima amesimama mbele ya matairi yaliyopangwa kama mitungi, mkono mmoja kiunoni, mwingine unapapasa mpira. Ana gari linalovuta kwa magurudumu yote manne: Land Cruiser, Land Rover, Pajero au hata Escudo. Anataka kununua matairi, naye amegawanyika moyo. Achukue yale ya kashata kubwa, yanayokula matope kama trekta, au achukue yale laini ya lami? Gari lake analiendesha Jumatatu hadi Ijumaa kati ya Mbezi na Posta. Lakini mara mbili au tatu kwa mwaka huenda nyumbani, Liwale au Mahenge, na huko mvua ikinyesha barabara hugeuka uji. Muuza duka anasifu yale yenye bei kubwa zaidi. Rafiki aliyemsindikiza anasifu yale yanayolipendezesha gari.

Nimeona tusimwache mtu huyu akapigiwa kelele na muuzaji peke yake. Swali lake lina historia ndefu katika nchi hii, na historia hiyo ndiyo inayoweza kumpa jibu.

Tuanze na gari lenyewe. Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa jeshi la Ujerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka hapa Dar es Salaam kwa gari, akakusudia kuivuka Afrika mpaka pwani ya Atlantiki. Gari lile lilitengenezwa maalumu huko Gaggenau, Ujerumani, likanyanyuliwa juu na kupewa magurudumu makubwa, kwa sababu mwenyewe alijua kwamba mbele yake hapakuwa na barabara, bali njia za miguu. Alifika Swakopmund, katika nchi ambayo leo ni Namibia, tarehe 1 Mei 1909. Safari ya zaidi ya kilomita 9,000 ilimchukua karibu miezi 21. Gawanyeni wenyewe, mtaona kwamba mtu mwenye miguu mizuri angeweza kushindana na gari lile na pengine kulipita. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali ya gurudumu katika bara letu: chombo kilikuwa tayari, njia haikuwa tayari.

Jambo la ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo, nchi hii ilikuwa ikitoa mpira wa kutengenezea matairi ya Ulaya. Kwanza ulikuwa mpira wa porini, uliogemwa na wananchi kutoka kwenye mitoria na mimea mingine itambaayo katika misitu ya kusini, ukashushwa Kilwa na Lindi. Baadaye walowezi wa Kijerumani wakapanda mashamba makubwa, hasa Muheza na sehemu nyingine za Tanga, na pia Morogoro. Mti waliopanda ulitoka Brazil, nao ni ndugu wa karibu kabisa wa muhogo wetu tunaoula. Baiskeli na magari yalikuwa yameongezeka Ulaya tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo huko Belfast mwaka 1888, na bei ya mpira ikapanda juu sana kufikia mwaka 1910.

Lakini ndugu zangu, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Waingereza walikuwa wamechukua mbegu za mti mwingine wa mpira, ulio bora zaidi, kutoka Brazil tangu mwaka 1876, wakazipeleka Asia. Miti ile ilipokomaa Malaya na Ceylon, mpira wake ukafurika sokoni, bei ikaporomoka, na kufikia mwaka 1913 mashamba mengi ya hapa yakawa hayana faida. Miti ikaachwa imesimama, magugu yakaota chini yake.

Mwaka uliofuata vita vikaanza. Hapa ndipo Kariakoo inapoingia katika hadithi ya tairi, na nadhani wengi wetu tunalitaja jina hili kila siku bila kufikiri. Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, walioweka kambi yao hapo baada ya kuuteka mji huu Septemba 1916. Na kwa nini jeshi kubwa lenye fedha lilihitaji wapagazi? Kwa sababu magari yake yalizama. Jenerali Smuts alileta malori na farasi na nyumbu. Mbung'o wakaua wanyama, na mvua za masika zikayameza malori katika udongo mweusi wa mbuga. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mwanadamu. Wanahistoria hukadiria kwamba watu waliochukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza na washirika wao katika vita ile walikaribia milioni moja, na waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa, walikaribia laki moja. Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja na wapagazi katika maandishi yake.

Kwa hiyo, mtu anaposimama Kariakoo akichagua tairi la matope, amesimama mahali palipopata jina kwa sababu ya matairi yaliyoshindwa na matope.

Nchi ilikaa hivyo hadi vita vya pili. Japani ilipoiteka Malaya na visiwa vya Wadachi mapema mwaka 1942, Waingereza na Wamarekani walipoteza sehemu kubwa mno ya mpira waliokuwa wakiutegemea. Wakakumbuka miti iliyotelekezwa Muheza. Serikali ya kikoloni ikawachukua watu kwa nguvu kwenda kugema mpira, na mashamba ya zamani yakafufuka kwa muda. Vita vilipokwisha, yakalala tena.

Gari tunalolizungumzia leo lilizaliwa baada ya hapo. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wakihangaika na mpango wao wa karanga huko Kongwa, ulioanza 1947 na kufa 1951, nchi ikiwa imejaa matrekta na magari ya chuma yaliyoshindwa na ardhi ngumu. Haikuchukua muda Land Rover ikawa gari la Bwana Shauri, la bwana shamba, la misheni na la polisi. Baada ya Uhuru ikawa gari la mkuu wa wilaya. Toyota nao walikuwa na Land Cruiser yao tangu miaka ya 1950, na polepole ikaingia na kutawala.

Tairi la magari haya kwa miaka mingi lilikuwa la aina moja tu katika akili za madereva wetu: jembamba, refu, la kashata, kipimo cha 7.50 kwa ringi ya inchi 16. Halikuchaguliwa kwa urembo. Wembamba wake ulikuwa na maana. Katika tope, tairi jembamba hukata tope la juu na kuitafuta ardhi ngumu iliyo chini yake, kama mwiko unavyotafuta chini ya sufuria. Kashata zake, zikiwa zimeachana nafasi, hulitema tope kila gurudumu linapozunguka. Na kwa kuwa barabara za lami zilikuwa chache, hakuna aliyeuliza tairi hilo litafanya nini kwenye lami.

Jaribio kubwa lilikuja baada ya tarehe 11 Novemba 1965, siku walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa bandia. Zambia ikakosa njia ya kusini, ikaelekea kwetu. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Zambia na kurudi na shaba, kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Wakati wa mvua lori liliteleza na kuanguka korongoni, na madereva wa kigeni wakaipa barabara ile jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipokamilika 1968, kisha lami ilipowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikafuata, watu wakapumua.

Kwa vyovyote, nchi ilikuwa imejifunza kwamba bila tairi hakuna uhuru wa kutembea. Mwaka 1969 ikaanzishwa kampuni ya General Tyre huko Arusha, na mwaka 1971 kiwanda kikaanza kutoa matairi. Serikali ilikuwa na hisa 74 kwa mia na kampuni mama ya Marekani 26, ambazo baadaye zilikuja mikononi mwa Continental ya Ujerumani. Kampuni ilikuwa na mashamba yake ya mpira, moja Kihuhwi huko Muheza, katika wilaya ile ile ya Wajerumani, na jingine Kalunga, Kilombero. Hata katika ile miaka migumu ya mwanzoni mwa 1980, tairi lilipokuwa bidhaa adimu kama sukari na sabuni, walau lilikuwa tairi lililotengenezwa na watu waliozijua barabara zetu.

Kiwanda kile hakipo tena kazini. Mashine zilichakaa, madeni yakalimbikizana, na ule mkopo wa dola milioni 10 kutoka Mfuko wa NSSF haukukiokoa. Mwishoni mwa miaka ya 2000 kilikuwa kimesimamisha uzalishaji. Tangu hapo tairi letu hutoka ng'ambo. Na hapa ndipo mzigo wa kuchagua ulipohama. Zamani aliyechagua alikuwa mhandisi wa kiwandani, au ofisa ugavi wa serikali. Sasa anayechagua ni wewe, umesimama Gerezani, na muuzaji anaangalia saa.

Mambo mengine mawili yalibadilika wakati huo huo. La kwanza, biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi, na wakubwa wakaanza kupanda yale magari mapana yaliyopewa jina la mashangingi. Gari la porini likawa gari la heshima mjini. La pili, lami ilitambaa. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mto Rufiji mwaka 2003. Kile kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga, ambacho mabasi yalilala siku kadhaa yakiwa yamezama, nacho kimewekwa lami. Anayekwenda Lindi leo anakwenda kwa mwendo ambao dereva wa 1985 angeuita wazimu.

Kwa maneno mengine, barabara imebadilika, gari limebadilika, lakini fikra zetu juu ya tairi zimebaki Ndundu.

Sasa tulijibu swali. Matairi ya magari haya, kwa kifupi, ni ya aina tatu. Kuna ya lami, yenye mistari myembamba na mpira mwingi unaogusa barabara; ubavuni huandikwa H/T. Kuna ya matope, yenye kashata kubwa zilizoachana. Hayo ni M/T. Na katikati kuna ya njia zote, A/T, yenye kashata za kiasi.

Tairi la kashata kubwa kwenye lami lina kasoro nne. Linavuma kama nyuki. Linakula mafuta. Kashata zake huisha upesi, tena kwa upogo. Lakini hayo matatu ni ya mfuko. La nne ni la roho: kwenye lami iliyolowa, sehemu ya mpira inayoishika barabara ni ndogo, kwa hiyo gari huchelewa kusimama na huwa jepesi kuteleza kwenye kona. Gari lenyewe ni zito na refu kwenda juu. Fikirieni mteremko wa Kitonga, manyunyu ya asubuhi, na lori limesimama ghafla mbele. Hapo mita tano ni tofauti kati ya kutoa pole na kupewa pole.

Tairi la lami nalo lina kasoro yake. Katika udongo mwekundu uliolowa, mistari yake hujaa tope dakika ya kwanza, na kuanzia hapo una matairi manne laini kama mayai.

Ushauri wangu ni huu. Chagua tairi kwa njia unayopita siku nyingi, kisha ile siku moja ngumu ijibiwe kwa akili na vifaa. Kwa mtu wetu wa Mbezi na Liwale, tairi la njia zote linatosha. Bwana afya anayeishi Malinyi na kuzunguka vijijini masika yote, huyo anunue ya matope, na akifika kwenye lami apunguze mwendo. Na yule ambaye pori lake ni kiwanja cha Mbweni kisichomaliziwa, anunue ya lami na kilichobaki anunue saruji.

Akili na vifaa ni vipi? Cha kwanza ni upepo. Kati ya vita kuu mbili, ofisa wa Kiingereza Ralph Bagnold na wenzake walivuka jangwa la Libya kwa magari ya kawaida, na moja ya siri zao ilikuwa kupunguza upepo wa matairi kwenye mchanga. Tairi likilegea, huchukua nafasi ndefu zaidi juu ya mchanga na halizami. Njia hiyo inafaa Rufiji na Kigamboni vilevile. Ila ukirudi kwenye lami, jaza kabla hujakimbia. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila mzunguko, hupata joto, na joto ndilo linalolipasua. Marekani ilijifunza hilo kwa machozi. Mwezi Agosti 2000 kampuni ya Firestone ililazimika kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya matairi kubanduka ngozi katika mwendo na joto na magari kupinduka. Waliokufa walizidi 200. Matairi yenyewe yalikuwa na kasoro, lakini upepo mdogo na joto vilizidisha hatari.

Cha pili ni kusoma ubavu wa tairi. Ukikuta 265/70R16 112S, maana yake upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, R ni ile aina ya nyuzi zilizopita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, iliyobuniwa na Michelin katika miaka ya 1940, na 16 ni inchi za ringi. Namba 112 husema tairi moja linabeba kilo 1,120, na herufi S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Ukilitoa hilo ukaweka 235/85R16 ili gari linyanyuke, kimo cha tairi kinaongezeka kwa takriban asilimia 4. Mshale ukisema 100, wewe kweli uko karibu 104. Trafiki hatasikiliza hesabu hiyo.

Cha tatu ni umri. Tafuta namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, hasa ukianikwa juani. Tairi linaweza kuwa na kashata nzima na ndani limekauka kama kisamvu cha juzi. Wataalamu wengi hushauri tahadhari likipita miaka 6, na kuliacha kabisa likifika 10. Tairi la mtumba linalong'aa kwa kupakwa rangi nyeusi linapendeza macho, lakini "Rahisi ni ghali."

Cha nne ni kujua pa kusimama. Hapa Jangwani, jina linasema jangwa, lakini ni bonde la Mto Msimbazi. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikuwahi kuonekana tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa katika mji huu, na wakazi wengi wa bonde wakahamishiwa Mabwepande. Kila maji yanapofurika hapa, hutokea mwenye gari refu akawaangalia watembea kwa miguu kwa huruma, akaingiza gari. Na aelewe hivi: maji yanayokwenda kwa kasi, yakifika kina cha sentimita 60, huweza kulibeba gari zito pia. Tairi lina upepo ndani. Katika maji, upepo huo huo husaidia kulielesha gari. Hakuna kashata inayoshika maji.

Wasikilizaji, tangu Graetz hadi leo, kila kizazi nchini kimelipa gharama ya gurudumu lisilolingana na njia. Waliolipa zaidi hawakuwa wenye magari, bali waliobeba mizigo vichwani. Leo anayelipa ni abiria wa kiti cha nyuma, ambaye hakushirikishwa katika kuchagua tairi, na mwenda kwa miguu wa Kimara anayevuka akiamini kwamba gari litasimama.

Likiisha, tairi nalo lina heshima yake. Mafundi wetu wanalijua: litachongwa katambuga litembee miaka mingine kumi mguuni mwa mchungaji, au litakatwa kamba za kufungia mizigo kwenye baiskeli. Kwa hiyo ukiona kipara kimeanza, usilionee huruma ukaliacha gurudumuni. Mpelekee fundi wa katambuga, kisha urudi Gerezani ukasome ubavu.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.